Kazi Iguswe na Mgeni: Kwa Wadogo Zangu Wanaokwenda Kusomea Medianuwai Shirikishi

Kila msimu wa maombi unapokaribia napigiwa simu na vijana wa Masasi, Newala, Lindi mjini, hata Kilwa Masoko, wanaotaka kusoma shahada ya uzamili ya sanaa za medianuwai shirikishi, yaani kazi za picha, sauti na kompyuta zinazomwitikia mtu anayezishika. Karibu wote huanza na swali moja: nijifunze programu gani ya kompyuta kabla sijaomba? Programu utafundishwa, mdogo wangu. Kinachowatoa jasho wengi wakishafika darasani ni kwamba hawajawahi kumwachia mtu asiyewajua ashike kazi yao huku wao wamekaa pembeni kimya.

Filamu ukishaihariri imekwisha, mtazamaji ataiona vile ulivyoipanga. Kazi shirikishi inamsubiri mtu. Miaka ya 1970 Mmarekani Myron Krueger alitengeneza kazi aliyoiita Videoplace: kamera inachukua umbo la mtu aliyeingia chumbani, umbo hilo linatokea kwenye skrini kubwa mbele yake, na michoro ya kompyuta inamwitikia anapoinua mkono au kusogea. Chumba kikiwa kitupu hakuna cha kuangalia. Na sisi wa Kusini tusijione wageni katika jambo hili. Aliyewahi kuingia kwenye sindimba anajua kuwa mpiga ngoma anamtazama mchezaji, mchezaji anamsikiliza mpiga ngoma, na anayeanzisha wimbo hafiki popote bila waitikiaji. Kwenye barua yako ya maombi liandike hilo kwa undani, kama mtu anayelijua kutoka ndani. Wanaosoma barua hizo wameshachoka na sentensi za jumla kuhusu utamaduni wa Afrika.

Nitawaeleza kazi moja niliyoiandaa Mtwara kwa ajili ya maombi, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu nilichokuja kufundishwa baadaye. Lilikuwa sanduku la mbao lenye vinyago vinne vya mpingo, kila kimoja kimekaa juu ya tundu lake. Ukinyanyua kinyago unasikia sauti ya bibi akisimulia ngano kwa Kimakonde. Ndani ya kila tundu mna kihisi cha mwanga, kile kidogo cha bei rahisi, kimeungwa na rezista, kifaa cha kuzuia umeme kiasi, ya kilo-omu 10. Bodi ya Arduino Uno, kompyuta ndogo ya kuunganishia vihisi, inapima volti pale hivyo viwili vinapoungana na kuzigeuza kuwa namba kuanzia 0 hadi 1023. Kinyago kikikaa, tundu ni giza na namba iko chini. Kikinyanyuliwa, mwanga unaingia na namba inapanda. Bodi inaiarifu kompyuta kwa waya wa USB, kompyuta inatoa sauti.

Sasa, mwanga wa baraza la Shangani saa sita mchana si mwanga wa ukumbi saa mbili usiku. Ukiiambia programu yako kwamba 500 ndiyo mpaka, itafanya kazi vizuri barazani halafu ukumbini ibaki bubu. Kwa hiyo usiipe namba moja ya kudumu. Iache ijipime yenyewe inapowashwa, vinyago vikiwa vyote mahali pake, kisha iangalie namba imepanda kiasi gani kutoka hapo, na kiasi hicho ukirekebishe ndani ya chumba chenyewe kitakachotumika. Tena uweke mipaka miwili, wa juu wa kuanzisha sauti na wa chini wa kuizima, la sivyo kivuli cha mkono kikipita tu juu ya tundu sauti itakatika na kurudi kama redio mbovu. Vitu vidogo kama hivi ndivyo walimu wanavyoviuliza kwenye usaili, kwa sababu haviigiziki.

Lakini somo kubwa lilitoka kwa watu. Mama mmoja aliyealikwa kujaribu alikigusa kinyago kichwani kwa kidole kimoja, akarudisha mkono, akasimama akisubiri. Nyumbani kinyago kipo juu ya kabati, hakichezewi. Watoto nao walivinyanyua vyote kwa pamoja, ngano nne zikapigana. Ungekuwepo ungetamani kuruka na kueleza, “Mama, kinyanyue tu, usiogope.” Usifanye hivyo. Utakapofungua maonyesho huko uendako hutakuwa na nafasi ya kusimama pembeni ya kila mgeni. Nilichofanya ni kuacha kinyago kimoja kimelala kando ya tundu lake, ngano ikiwa tayari inasikika. Mpita njia akakiona kimeanguka, akakirudisha mahali pake kwa adabu, sauti ikakatika. Akashtuka. Akakinyanyua tena. Kwa watoto, programu iliruhusu sauti moja tu kwa wakati, vinyago vingine vikisubiri zamu. Hakuna tangazo wala mshale, na watu walielewa wenyewe.

Fanyeni majaribio ya namna hiyo mapema, mkiwa huku huku. Mwite fundi simu wa mtaani, mwite babu, mwite mwanafunzi wa sekondari, kila mmoja peke yake. Chukua daftari, andika mkono wao wa kwanza ulikwenda wapi. Usiwaulize kama wamependa, maana kwa heshima zetu watasema wamependa sana.

Kuhusu vifaa sitakaa sana. Processing ya kuandikia michoro, iliyoanzishwa na Casey Reas na Ben Fry mwaka 2001, p5.js ya Lauren McCarthy inayofanya kazi hiyo kwenye kivinjari, Pure Data ya Miller Puckette ya kutengenezea sauti, na programu ya kuandikia Arduino zote ni bure, na ukishazipakua zinafanya kazi bila intaneti. Video za Daniel Shiffman za kufundisha kuandika programu ziko wazi kwa yeyote, zipakue siku mtandao ukiwa mzuri. Bodi ya Arduino inaruhusiwa kisheria kunakiliwa, hivyo nakala ya bei nafuu kutoka Kariakoo iliyotumwa kwa basi inatosha kabisa kujifunzia. Tahadhari moja: pini ya Uno isitoe zaidi ya miliampia 20, kwa hiyo mota usiiunge moja kwa moja. Pitisha kwenye transista, inayofanya kazi kama swichi, na uweke dayodi ya kuzuia umeme wa mota usirudi nyuma. Na hapa pwani, hewa ya chumvi inakula viungio, kwa hiyo lehemu vizuri na uhifadhi vifaa kwenye kopo lenye kifuniko.

Video ya kazi zako utakayotuma na maombi iwe fupi, dakika moja au mbili, na ionyeshe mikono ya mtu mwingine ikitumia kazi. Mchoro wa waya ukae mwishoni. Kama mlifanya wengi, sema wazi wewe ulifanya sehemu ipi.

Sasa suala la fedha, na hapa nasema kama kaka. Programu ya masomo yenye jina kubwa kuliko zote katika fani hii ni ile ya New York University iliyoanza mwaka 1979, ITP, ambayo Red Burns aliiongoza kwa miaka mingi. Inachukua miaka miwili, na gharama yake pamoja na maisha ya New York ni makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka. Familia isiuze shamba la mikorosho kwa ajili hiyo. Hakuna shahada ya sanaa inayostahili mikorosho iliyopandwa na babu. Tafuta ufadhili kwanza: Fulbright kwa Marekani, Chevening kwa Uingereza, DAAD kwa Ujerumani, na masta za pamoja za Erasmus Mundus. Chevening wanataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, sawa na kama miaka miwili, na kazi ya redio ya jamii au studio ya picha inahesabika, mradi uweze kuieleza. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg ambalo tangu 2017 linatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Linz, Austria, kuna chuo kikuu cha sanaa chenye masta ya fani hii hii, katika mji ambao tamasha la Ars Electronica limekuwapo tangu 1979.

Ukiitwa ubalozini Dar es Salaam, usiondoke Mtwara siku moja kabla, hasa wakati wa masika. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Kusini ilikatika upande wa Kilwa na magari yakakwama. Nenda mapema ulale kwa ndugu.

Ukishafika darasani utakutana na vikao vya kukosoana. Kazi inawekwa mezani, wenzako wanaishika na kuisema, wewe unasikiliza. Kwetu kijana kumkosoa mkubwa hadharani ni utovu wa adabu, kwa hiyo wengi wetu tunanyamaza hata zamu yetu ya kusema ikifika, na mwalimu anadhani hatujaelewa. Sema ulichokiona: “Mkono wangu ulikwenda hapa, nikasubiri, hakuna kilichotokea.” Hapo hujamvunjia mtu heshima, na umemsaidia kuliko aliyemsifu.

Jambo linaloniuma kuliko yote ni sauti mnazobeba. Vijana wanarekodi ngoma, nyimbo za unyago, vinyago vya mapiko (ngoma ya Wamakonde inayochezwa kwa kuvaa vinyago), halafu vinaonyeshwa ng'ambo bila mwenyewe kujua. Mambo ya jando na unyago yana sehemu ambazo si za kila sikio, na kuzaliwa Newala hakukupi ruhusa. Nenda kwa mzee, shikamoo kwanza, mweleze kwa lugha anayoielewa kwamba sauti yake itatoka kwenye sanduku mbele ya wageni wa nchi nyingine. Mwonyeshe sanduku lenyewe, anyanyue kinyago, aisikie sauti yake mwenyewe. Akisema sehemu fulani iondolewe, iondoe mbele yake. Andikeni makubaliano, na malipo yakitoka, yeye apate sehemu yake.

Wakati wote wa masomo tunza maelezo ya kila somo na matokeo yako. Ukirudi na cheti cha nje, utambuzi wake unapitia Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na fani hii haifahamiki sana huku. Karatasi zinazoonyesha ulisoma nini hasa zitakuokolea muda.