Maswali ya Wasomaji: AC ya RV Inazimisha Jenereta

SWALI: Habari za kazi fundi. RV yangu (gari-nyumba la safari) ina AC ya juu ya paa, BTU 13,500 (kipimo cha nguvu ya kupoza), umeme wa volti 120, na natumia jenereta ndogo ya inveta ya wati 2,200. Feni inazunguka fresh kabisa ila kompresa ikitaka kuingia tu jenereta inaguna, taa nyekundu inawaka, umeme unakata. Wenzangu wanasema nifunge softi stata, yaani kifaa cha kuianzisha kompresa taratibu, eti hata mafuta yatapungua. Ni kweli, au ninunue tu jenereta kubwa?

JIBU: Nzuri ndugu. Jenereta kubwa usiikimbilie kwanza. Angalia kibandiko cha hiyo AC, utaona namba mbili za ampea, moja imeandikwa RLA nyingine LRA. Ya kwanza ni za kompresa ikiwa kazini, na kwa saizi yako ukijumlisha na feni mara nyingi inacheza kwenye 12 au 13 hivi. Ya pili ni zile mota inavuta ikiwa imeshapewa umeme ila bado haijazunguka, na hapo si ajabu ukute 50 na kitu au 60 na kitu. Sasa hizo wati 2,200 za jenereta ni za muda mfupi tu, za kukaa nazo masaa ni kama 1,800, yaani ampea 15. Kwa hiyo kuiendesha AC inaweza, inachoshindwa ni kuiamsha.

Mota ikishachanganya inatengeneza yenyewe volti inayopingana na ile inayoingia, ndo maana ampea zinatulia, lakini ikiwa imesimama hiyo volti ya kupinga haipo kabisa so umeme unaingia kwa fujo. Softi stata inakaa hapo kati, inakata vipande vya kila wimbi la umeme ili kompresa ianze na volti kidogo halafu inaongeza haraka haraka mpaka zinafika zote, na kazi nzima haichukui muda. Ule mshtuko wa kuanzia unashuka kwa zaidi ya nusu.

Ila mafuta hapana. Hapo wamekudanganya na inaniuma kuona watu wanauziwa kwa maneno hayo. Kompresa ikishaingia inakula ampea zilezile za siku zote, kwa hiyo ukiwasha maikrowevu wakati AC inafanya kazi jenereta itakata tu, na softi stata haina la kukusaidia. Jua likiwa kali sana AC inavuta zaidi, na ukipanda milimani jenereta inapungua nguvu karibu 3 kwa mia kila mita 300, hayo uyaweke kwenye hesabu.

Wakati wa kufunga, chomoa umeme wa nje na uzime jenereta na inveta ya betri, kisha kapasita itolewe chaji maana inashika umeme hata kila kitu kikiwa kimezimwa na inaweza kukuumiza vibaya. Kama hujawahi kushika kapasita mpe fundi. Nyingi ya hizi softi stata zinajifunza mota mara chache za mwanzo, so hizo mara washa ukiwa kwenye umeme imara wa kuchomeka, na ukirudi kwenye jenereta zima ile eko modi (inayopunguza mwendo wa injini mzigo ukiwa mdogo) kabla kompresa haijaingia.

SWALI: Mimi softi stata ninayo tayari na inafanya vizuri, ila nikizima AC nikaiwasha hapohapo inagoma. Imekufa?

JIBU: Haijakufa. Kompresa ikisimama gesi inabaki na presha kubwa upande mmoja, na mota haiwezi kuanza ikisukumana na presha hiyo, tena kwa volti ndogo ndo kabisa. Ipe kama dakika 5 presha zilingane. Ikigoma hata baada ya hapo, muulize fundi kama aliitoa ile kapasita ya kuanzia ya zamani, maana softi stata nyingi zinataka itolewe.