Pikipiki iliyolala miaka, inawaka kwa choki tu: plagi haihusiki

Ni jeti ndogo ya kabureta (kipande chenye tundu jembamba la kupitisha petroli) imeziba. Hiyo ndiyo inayolisha injini wakati hujavuta mafuta, na tundu lake kwa pikipiki nyingi ndogo halifiki nusu milimita. Petroli ikikaa miaka hukauka na kuacha gundi ya kahawia humo. Choki inazidisha mafuta kwenye mchanganyiko, kwa hiyo kasoro haionekani mpaka uirudishe.

Fungua bakuli la kabureta, toa jeti zote mbili, ndogo na kubwa, ziloweke usiku kucha kwenye dawa ya kusafishia kabureta (oringi, zile pete za mpira, zisiingie humo, huvimba). Kisha pitisha uzi mmoja wa waya laini wa shaba, upulize kwa kompresa. Sindano au waya wa chuma hapana: jeti ni laini, ukipanua tundu kidogo tu itakunywea mafuta na utanunua mpya. Skrubu ya hewa, ile ya kurekebisha mchanganyiko kwenye kabureta, ifunge kwanza taratibu hadi igote huku ukihesabu mizunguko, ndipo uitoe, ili ujue pa kuirudisha. Tundu lake nalo lipulizwe, mafundi wengi hulisahau. Na mwaga petroli ya zamani, uchungulie kutu ndani ya tangi, la sivyo jeti itaziba tena upesi.

Ikibaki vilevile, kagua mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukipasuka unavuta hewa ya ziada na dalili ni hizo hizo.