Kazi ya ghala la korosho imenimaliza, niache nikashone nguo?

SWALI: Dada habari za kazi. Mi ni karani kwenye ghala la korosho hapa Mtwara, mwaka wa tano sasa. Minada ikianza Oktoba ni malori usiku na mchana, wakulima wanauliza hela inaingia lini na wote wananipigia mimi kama vile mi ndo nalipa. Msimu umeisha ila bado silali, simu ikiita tu moyo unaenda mbio, watoto nawafokea bila sababu. Nataka wiki hii niandike barua ya kuacha kazi nikasome ushonaji VETA af nifungue ofisi ya cherehani. Mume wangu anasema nina wazimu. Nifanyeje? – Mama wawili, Chuno

JIBU: Mdogo wangu pole sana, na wazimu huna, umechoka. Shirika la Afya Duniani lenyewe mwaka 2019 lilieleza hali ya mtu kumalizwa na kazi, kwamba nguvu zinakuisha, kazi unaichukia na unajiona hufanyi chochote cha maana.

Ila nimesoma barua yako mara mbili, cherehani umeitaja mwishoni tu, mengine yote ni usingizi na simu. Sasa nakuuliza, unapenda kushona au unapenda ukimya? Maana fundi wa hapa kwetu msimu wa unyago ukifika, kina mama wanataka sare zao zote siku moja, hapo utapigiwa simu hadi uizime, utakua umekimbia simu za korosho umeangukia simu za vitenge.

Kwahiyo barua ya kuacha isubiri. Kwanza nenda hospitali ya Ligula au kituo cha afya cha karibu, waambie hulali na moyo unaenda mbio, wakupime presha, damu na sukari, usijipe majibu mwenyewe. Daktari akiona unahitaji kupumzika akuandikie, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa hadi siku 126 za ugonjwa ndani ya miezi 36, zile 63 za kwanza kwa mshahara kamili. Na likizo ya mwaka ni siku 28, bosi anaweza kukupangia lini ila hawezi kukunyima, na sa hivi ghala liko kimya ndo wakati wenyewe wa kuomba. Ukiwa likizo lala, laini ya kazi itoe kwenye simu, jioni watoto wawe na baba yao (huyo anayekuita wazimu, ndiyo), we nenda zako Shangani ukapunge upepo wala usipige hesabu ya mtaji.

Halafu ujue, ukiacha kwa barua yako mwenyewe fao la kukosa ajira la NSSF hulipati, lile ni la aliyepoteza kazi siyo aliyeondoka kwa hiari.

Ukishaanza kulala vizuri na bado unaitamani cherehani, waulize VETA kama wana kozi fupi za jioni, usome huku mshahara unaingia, uone mikono inasemaje. Na kama ikitokea ukaona kazi unaiweza, tatizo ni zile simu tu, basi muombe bosi wakulima waulize kwenye vyama vyao vya ushirika (AMCOS), we ubaki na mzani na makaratasi yako.