Kamera kando ya kitanda cha mtoto: maswali yenu

Tangu nilipogusia kwenye safu hii kwamba najitolea kuzipiga picha familia zenye watoto wanaougua maradhi mazito, barua zimemiminika. Nimechagua hizi chache. Nyingine zinajirudia, na mbili zilikuwa za kuniuliza nalipwa shilingi ngapi. Silipwi.

Kaka, nina kamera nzuri na Jumamosi zangu ziko wazi. Niende tu hospitali nijitambulishe?

Usiingie wodini na kamera shingoni. Anzia kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, muuguzi kiongozi wa wodi ya watoto, au timu ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, ikiwapo. Wao ndio wanaojua ni familia ipi ingefurahi na ipi haitaki kumwona mgeni.

Kama kuna kikundi kinachofanya kazi hiyo, jiunge nacho kwanza. Marekani kuna Flashes of Hope, kilichoanzia Ohio mwaka 2001, kinachopiga picha watoto wenye saratani. Kuna na Now I Lay Me Down to Sleep, kilichoanzia Colorado mwaka 2005, kwa ajili ya wazazi wanaopoteza vichanga. Uingereza kuna Remember My Baby. Uzuri wa kikundi ni kwamba una mtu wa kumpigia simu jioni ukitoka wodini na koo limekukaba. Wengi hawaliwazi hilo mpaka liwafike.

Wodini taa zinatoa rangi ya kijani, picha zinatoka na mistari, na flashi nimekatazwa. Nifanyeje?

Waliokukataza wana haki. Flashi humshtua mtoto mwenye maumivu, hugonga vioo vya inkubeta ikakurudia, na wako watoto ambao kifafa chao huchochewa na mwanga unaomwekamweka. Isahau.

Vuta pazia. Dirisha moja linatosha. Mwombe muuguzi, kama inawezekana, azime taa ya juu kwa dakika chache, maana mwanga wa dirisha ukichanganyika na wa taa, ngozi hupata rangi mbili na hutaweza kuirekebisha. Lenzi ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8, yaani inayoingiza mwanga mwingi, inakutosha, na usiogope kupandisha ISO, wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 3200. Chenga kidogo kwenye picha hazijawahi kumkera mama yeyote niliyempelekea.

Ile mistari inatokana na taa kupepesa kufuata umeme. Umeme ukiwa wa hezi 50, weka shata, muda ambao kamera inaingiza mwanga, kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde. Ukiwa wa hezi 60, weka 1/60 au 1/125. Nadhani ulikuwa umewasha shata ya kimya, ile ya kielektroniki, na hiyo ndiyo inayoonyesha mistari zaidi. Jaribu zote mbili ukiwa kwenye korido kabla hujaingia.

Kichanga aliye chini ya taa ya buluu ya kutibu manjano ni suala jingine. Usiiguse taa hiyo hata ikikuharibia rangi zote. Ikiwa haiwezi kuzimwa, picha hiyo igeuze iwe nyeusi na nyeupe.

Nina mafua kidogo tu, na miadi ni kesho. Naweza kuvaa barakoa nikaenda?

Hapana. Tibakemikali, yaani dawa kali za saratani, hushusha chembe nyeupe za damu, na mafua yako madogo yanaweza kumrudisha mtoto kwenye chumba cha uangalizi maalumu. Piga simu leo, kwa sababu kesho asubuhi watakuwa wameshamvalisha.

Hata ukiwa mzima, vua saa na pete, osha mikono hadi viwiko, na futa mwili wa kamera kwa vitambaa vyenye spiriti ya asilimia 70. Kioo cha lenzi kisiguswe na spiriti. Mkanda wa kitambaa uache nyumbani. Umepita kwenye harusi ngapi huo?

Mtoto wa miaka tisa alijifunika shuka usoni, mama yake akawa anamlazimisha. Nilipiga mbili nikaondoka. Nilikosea?

Ulikosea kwa zile mbili. Kuondoka ulifanya vyema.

Mzazi ndiye anayetia saini idhini, lakini mtoto wa miaka tisa ana neno lake, na katika maisha yake ya sasa ni mangapi anayoruhusiwa kuyakataa? Anachomwa sindano akitaka asitake. Kamera iwe kitu anachoweza kukikatalia.

Halafu chunguza kwa nini amejifunika. Prednisolone na deksamethasoni, dawa zinazotumika sana kutibu saratani ya damu, huvimbisha mashavu. Dawa zikiisha uso hurudi taratibu, ila leo mtoto anajitazama kwenye kioo na hajitambui. Mwenye hali hiyo hataki uso wake upigwe picha, basi usiupige. Piga mkono wake ukiwa umeshika kidole cha baba, au kisogo chake kikiwa kimemlalia bibi. Mimi mara nyingi humpa mtoto kamera anipige mimi kwanza. Hunikata kichwa, tunacheka, na baada ya hapo yeye ndiye anayetoa amri nani akae wapi.

Na ndugu zake usiwasahau. Huwa wamesimama pembeni, kila mgeni akiwapita.

Je, niifute mirija ya puani kwa kompyuta?

Uliza. Baba mmoja aliniambia mrija ule ndio uliomlisha mwanawe miezi minne, nisiuguse. Mama mwingine alitaka aone uso mtupu hata mara moja tu. Kwa kawaida natoa matoleo mawili na lile halisi silifuti.

Kuziweka kwenye ukurasa wangu wa biashara kunaruhusiwa wakikubali?

Wakikubali wakati gani? Mzazi aliyetoka kupewa majibu ya vipimo atakubali chochote ili asionekane hana shukrani. Mimi siombi kabisa. Wao wakitaka kuzirusha, ni zao; hata hivyo nawakabidhi zikiwa zimeondolewa taarifa za mahali, na nakagua kama jina la mtoto linasomeka kwenye bangili ya mkononi au ubao wa kitandani, au kama kuna mgonjwa mwingine nyuma.

Mtoto amefariki siku sita baada ya mimi kumpiga picha. Picha bado sijazikabidhi. Nimeshindwa hata kuzifungua.

Pole sana, ndugu yangu. Zifungue ukiwa na mtu pembeni.

Usizitume kwenye simu ya mama zikamkuta bila taarifa. Mtafute shangazi au mjomba aliye karibu nao, mwambie ziko tayari, muulize lini. Wapo wanaozihitaji kabla ya mazishi, na wapo watakaosubiri mwaka. Zilizo nzuri zisafishwe kwenye karatasi, zisibaki kwenye diski tu, na wewe ubaki na nakala mahali pawili.

Halafu legeza mkono kwenye kuchagua. Tumezoea kutupa picha iliyotikisika au yenye jicho lililofumba. Miaka ya nyuma nilikabidhi picha arobaini safi za mvulana mmoja, na miezi kadhaa baadaye mama yake akanipigia: kulikuwa na moja, alisema, mtoto aligeuka ghafla akacheka nesi alipoangusha trei. Niliikumbuka. Ilikuwa imetikisika yote, uso umekuwa kama moshi, nami niliifuta papo hapo kitandani ili kadi isijae.

Sasa natembea na kadi tatu.