Muulize Mwalimu: Zohali, Mirihi au Mshtarii?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na kaka yangu tunabishana kila jioni dukani. Yeye anasema sayari bora ni Zohali kwa sababu ya pete zake. Mimi nashikilia Mirihi, maana huko ndiko watu wanakotaka kuhamia. Tuamulie. – Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba mwanangu. Nyote wawili mtaninunia, kwa kuwa kura yangu naipa Mshtarii.

Mirihi ina mlima Olympus Mons, kimo chake zaidi ya kilomita 20, na Rungwe mnaoutazama kila siku haufiki hata kilomita 3. Hapo nakuunga mkono. Lakini kuhamia? Hewa yake karibu yote ni kabonidayoksaidi, tena nyembamba mno: kanieneo yake haifiki asilimia 1 ya hii yetu.

Zohali ni nzuri, sikatai. Pete zile ni vipande vya barafu visivyo na idadi, vingine punje tu, vingine vya ukubwa wa nyumba. Ila bila darubini ya kusimamisha huzioni ng'o. Utaona nukta ya manjano, mengine uyaamini kwa picha za kitabuni.

Kwangu mimi, sayari bora ni ile ambayo mtu wa kawaida anaweza kuichunguza mwenyewe. Ninayo darubini ndogo ya mkononi, aliyoniachia marehemu kaka yangu aliyekuwa askari wa wanyamapori Ruaha. Nikiegemeza viwiko kwenye ukuta wa baraza, hapa Uyole, naona kiduara cheupe na ubavuni mwake nukta hadi nne, zimejipanga mstari mmoja. Ndiyo miezi yake: Io, Europa, Ganymede na Callisto, ile ile aliyoiona Galileo Januari 1610. Kesho yake zimeshahama, na pengine moja haionekani kabisa, imepita nyuma ya sayari. Io humaliza mzunguko kwa saa 42 na ushee, kwa hiyo mabadiliko huyangojei mwaka. Watoto wa jirani wakishachungulia siku mbili, wanaelewa wenyewe kuwa si kila kitu angani kinaizunguka Dunia.

Tena kwa kufuatilia Io inavyoingia kwenye kivuli cha Mshtarii, Mdenmark Ole Rømer alitambua mwaka 1676 kwamba mwanga nao huchukua muda kusafiri. Dunia ilipokuwa mbali na Mshtarii, kupatwa kwa Io kulionekana kuchelewa. Jambo kubwa namna hiyo, limetokana na kanukta!

Ninyi wa Nyanda za Juu Kusini mna bahati. Huku sayari hupita karibu na utosi, wakati Ulaya kaskazini mara nyingi huambaa chini. Mshtarii ikionekana usiku wakati wa kiangazi, mawingu yakiwa yameondoka, mwambie kaka yako aazime darubini kwa waongoza watalii wa hapo Tukuyu. Achore nukta hizo usiku nne mfululizo, saa ile ile, kisha mnitumie michoro. Na mvae makoti, baridi ya Julai mnaijua.