Mama na mama mdogo wametolewa nyongo: na mimi je?

Wiki hii simu imejaa nyongo tupu. Naanza na swali lenye nyama.

*Shikamoo daktari. Mama yangu alitolewa mfuko wa nyongo kwa sababu ya mawe, na mdogo wake vilevile. Mimi nina miaka 31. Nimesharithi? (Newala)*

Marahaba. Ulichoweza kurithi ni uelekeo tu. Ini huitupa lehemu (kolesteroli) kwenye nyongo kwa pampu iliyoundwa na jeni mbili, ABCG5 na ABCG8. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walionyesha kuwa badiliko dogo kwenye ABCG8, liitwalo D19H, huongeza hatari ya mawe, takriban mara mbili kwa mwenye nakala moja. Pampu inasukuma mno, lehemu inazidi uwezo wa nyongo kuiyeyusha, inaganda chembe chembe, hatimaye jiwe. Kwa hiyo lehemu ya kwenye damu inaweza kuwa sawa kabisa na mfuko umejaa mawe. Acheni kunitumia picha za majibu ya damu mkiuliza habari za nyongo!

Urithi una sehemu gani? Utafiti wa mapacha wa Sweden, 2005, uliupa kama robo ya mawe yanayoleta maumivu. Wasweden si Wamakonde, najua, lakini pata picha. Kinachobaki ni unene, mimba, vidonge vya uzazi vyenye estrojeni, na kukonda haraka. Hilo la mwisho lisikilizeni nyie mnaoshinda na maji ya ndimu mkisubiri harusi.

Kipimo cha jeni hukihitaji. Ukishikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia baada ya mlo wa mafuta, yakapanda hadi bega, nenda kapige ultrasaundi. Huumwi? Kaa zako.

*Korosho zinaleta mawe? (Tandahimba)*

Hapana. Manesi wa Marekani waliofuatiliwa miaka mingi, matokeo yakatoka 2004, waliokula zaidi karanga na jamii zake walitolewa nyongo mara chache zaidi. Kula, ila zisiwe za kukaanga kwa mafuta.

*Nimekunywa mafuta ya zeituni na ndimu, nimetoa mawe ya kijani zaidi ya ishirini. Nimepona? (Lindi mjini)*

Swali hili nalijibu kila msimu. Ulichotoa ni sabuni. Mafuta yakikutana na juisi ya tumbo na ndimu huganda kuwa vidonge laini vya kijani. Mwaka 2005 jarida la The Lancet lilieleza vya mgonjwa mmoja: kwenye joto la nyuzi 40 viliyeyuka, na ndani hapakuwa na lehemu wala chokaa. Weka vyako juani uone. Mawe yako, kama yapo, bado yako mfukoni, na mfuko uliokamuliwa kwa mafuta mengi unaweza kulisukuma jiwe likakwama kwenye mrija. Ukiona macho ya manjano, homa na baridi kali, usimtafute muuza dawa wa stendi. Ni hospitali, siku hiyohiyo.

*Mwanangu wa miaka 12 ana selimundu, wamemkuta na mawe. Nimpunguzie nazi? (Masasi)*

Pole, mama. Nazi haihusiki. Mawe yake hayatokani na lehemu bali na mabaki ya damu: chembe nyekundu zinavunjika mapema, bilirubini (rangi ya manjano itokanayo na chembe hizo) inajaa kwenye nyongo. Apelekwe kliniki yake ya selimundu, wao ndio waamue kama atapasuliwa.

*Nauza dawa ya kusafisha nyongo. Nitangaze kwako bei gani? (hakutaja alipo)*

Hapana.