Ukitaka Kufuga Gurami, Tazama Kwanza Juu ya Maji

Juni ya mwaka juzi nilirudi nyumbani Uyole, Mbeya, na ndoo ndogo yenye gurami watatu wa bluu. Niliambiwa ni samaki wapole, nikawatia wote kwenye tangi la lita 80. Siku ya tatu asubuhi nikamkuta mmoja amejibana nyuma ya filta, mkia umechanika. Nikadhani ni maradhi. Nikabadilisha maji, nikatia chumvi, hali ikawa ileile.

Jioni nikavuta kiti nikakaa mbele ya kioo karibu saa nzima, na hapo ndipo nilipoelewa. Gurami ana matamvua yake kama samaki yeyote, yaani mashavu ya kupumulia majini, lakini pia ana kiungo kingine kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa. Lazima apande juu mara kwa mara, hata maji yawe safi namna gani. Yule mnyonge angeweza kujificha chini, ila kila alipopanda kuvuta pumzi alimkuta mbabe anamsubiri palepale. Iliniuma sana kumtazama.

Wale watatu walikuwa madume watupu. Dume hujenga kiota cha mapovu juu ya maji na kukilinda kwa ukali, kwa hiyo mahali pa kupumulia ndipo penye ugomvi. Kumtambua si kazi: pezi la mgongoni la dume ni refu na limechongoka, la jike ni fupi na la mviringo. Kwa tangi la nyumbani, weka dume mmoja, na majike wawili au zaidi kama nafasi ipo. Funika sehemu ya juu kwa mimea inayoelea, ili anayefukuzwa apate kona ya kupumua bila kuonekana.

Aina nazo hutofautiana sana. Huyu wa bluu hufika sentimita 15 na ndiye mkorofi. Gurami wa lulu, mwenye madoa meupe mwili mzima, ni mpole zaidi japo naye ni mkubwa. Kwa anayeanza ningemchagua gurami wa asali, mdogo wa sentimita 5 hivi, mtulivu kabisa.

Majirani? Tafuta wanaokaa chini au katikati: koridorasi, wale kambare wadogo wa chini, au kundi la neoni tetra, visamaki vidogo vya katikati, kama gurami wako si wale wakubwa. Beta, yule samaki mpiganaji, hapana, maana ni jamaa yake na anagombea uso uleule wa maji. Samaki wenye milia waitwao taiga babi watamtafuna zile nyuzi mbili ndefu za tumboni ambazo gurami hupapasia njia.

Huku kwetu kuna kishawishi kingine. Jamaa wa Kyela alinishauri nichanganye na mbuna, samaki wa rangi wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, kwa kuwa wanapendeza na ni wa nyumbani. Nilikataa, na ningekataa tena. Mbuna wanataka maji magumu, yaani yenye madini mengi, na mawe, tena ni wakali kuliko gurami yeyote wa bluu. Gurami ametoka Asia, kwenye maji yaliyotulia yenye majani mengi.

Halafu baridi. Usiku wa Juni na Julai Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na gurami anataka maji ya nyuzi 24 hadi 28. Hita ni lazima, lakini kifuniko nacho ni lazima, kwa sababu hewa anayovuta juu ya maji ikiwa ya baridi kali humdhuru. Umeme ukikatika usiku mimi hulizungushia tangi blanketi, nikiacha upenyo mdogo wa hewa.

Yule aliyechanika mkia nilimhamishia tangi lake peke yake. Mkia uliota wote. Kama tayari una madume wawili wanaofukuzana, watenganishe leo. Na siku ukiongeza mgeni, hamisha kwanza mawe na mimea, wenyeji wapoteze mipaka yao, ndipo umtie.